Banda la paneli kwenye baridi ya Njombe: vifaranga upande huu, viazi upande ule

Maswali ni yale yale kila baridi ikikaribia: hizi paneli za bati na foamu zinabeba paa zenyewe au lazima nguzo, zinashika moto, panya hawazitoboi, naweza kuweka jiko la mkaa ndani, na mbona bati la ndani linatoa jasho asubuhi wakati mvua haijanyesha. Nayajibu yote hapa kwa mpangilio wa kujenga, kuanzia kiwanja mpaka siku unaingiza vifaranga. Ni kwa mtu wa Njombe, Makete, Mufindi au popote nyanda za juu ambako Juni na Julai usiku unashuka mpaka nyuzi 8 na chini ya hapo, na kule Kitulo barafu inalala kwenye majani. Kama uko Dar au Tanga hili siyo banda lako, kwenu tatizo ni joto na hesabu zinageuka.

Banda lenyewe ni mita 12 kwa 6, paa la upande mmoja, vyumba vitatu. Chumba cha mashariki mita 3 ni cha vifaranga, cha kati mita 6 ni cha chakula cha mifugo na vifaa, cha magharibi mita 3 ni cha viazi. Vifaranga wanataka joto, viazi vinataka baridi na giza, na paneli ile ile inawatunza wote wawili, ndo uzuri wake. Chumba cha kati kinawatenganisha, usije ukaweka vifaranga na viazi ukuta kwa ukuta.

Unanunua nini hasa

Kuna watu wanaangalia video za Marekani wanaona nyumba inasimama bila nguzo, wanakuja dukani wanataka hivyo hivyo. Zile za kwao zina mbao za OSB (vipande vya mbao vilivyobanwa kwa gundi) pande mbili na foamu katikati, teknolojia ambayo maabara ya mazao ya misitu ya Madison, Wisconsin ilianza kuijaribu miaka ya 1930, na kweli zinabeba paa. Zinazopatikana kwetu kwa urahisi ni paneli za sandwichi, foamu katikati na bati jembamba la milimita 0.4 au 0.5 pande zote, ni za familia hiyo hiyo ila bati hilo siyo la kubebea paa. Kwa hiyo nguzo zinabaki. Fundi akikwambia "hizi hazihitaji fremu" tafuta mwingine.

Kuhusu kuokoa nishati, hesabu moja tu inatosha. Chumba cha vifaranga kina kuta za nje na paa kama mita za mraba 50. Ndani unataka nyuzi 32, nje ni 8, tofauti 24. Kwa paneli ya EPS (foamu nyeupe ya vipunje) ya milimita 100 unapoteza kama wati 430 kwenye kuta na paa. Kwa bati tupu ni zaidi ya wati 7,000. Ongeza joto linalotoka na hewa unayobadilisha, kwa vifaranga 400 wa wiki ya kwanza ni kama wati 500, unafika karibu wati 1,000, yaani balbu nne za joto za wati 250. Hiyo ndo sababu ya gharama yote hii.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Paneli za EPS milimita 100 za paa na kuta za nje, na za 75 au 100 za kugawa vyumba. Rangi nyeupe, maana nyeusi au nyekundu nzito inapata moto sana mchana na bati linatanuka mpaka linaleta mawimbi.
- Skwea paipu 75x75 za milimita 3 kwa nguzo 15, na paipu 100x50 za milimita 3 kwa mihimili mitatu ya kushika paa.
- Yu-chaneli za bati (mifereji ya umbo la U inayokalisha paneli) za upana wa paneli, flashingi (vipande vya bati vya kufunika) za kona za ndani na za nje.
- Skrubu za kujitoboa zenye washa ya mpira, urefu uzidi unene wa paneli kwa sentimita 4 hivi. Paneli ya ukuta ya 100, skrubu ya 140; ya paa pima unene kwenye mgongo wa bati.
- Silikoni isiyo na harufu ya siki (yenye siki inakula bati), foamu ya kopo, riveti.
- Tofali za nchi 6, saruji, kokoto, mchanga, nondo, nailoni nzito ya kuzuia unyevu, dawa ya mchwa.
- Jigsoo au msumeno wa duara wenye meno madogo ya chuma, drili, timazi, pima maji, kamba.
- Ngazi mbili na watu wanne. Paneli ina kama kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo uzito siyo shida, shida ni upepo.

Kupima foamu kabla ya kulipa: paneli za bei ya kutupa huwa na foamu nyepesi mno. Omba kipande, kata mchemraba wa sentimita 10 kila upande, upime kwenye mzani mdogo wa jikoni. Gramu 16 mpaka 20 ni nzuri. Ikisoma gramu 9 au 10 achana nayo, itabonyea ukikaza skrubu na bati litaachana na foamu baada ya muda. Muuzaji akikataa kukupa kipande, jibu umeshapata.

Hatua kwa hatua

1. Geuza banda vizuri. Urefu uende mashariki-magharibi. Ukuta mrefu kwenda juu (mita 3.4) uangalie kaskazini na ule mfupi (mita 2.4) uangalie kusini. Kwetu Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo madirisha ya upande huo yanakupa jua wakati ule ule unaolihitaji, na upepo wa kusi unakutana na ukuta mfupi. Vifaranga wako mashariki wapate jua la asubuhi. Viazi viko magharibi ambako jua la jioni linapiga, kwa hiyo upande huo toa paa nje mita moja na zaidi, iwe baraza la kuweka toroli na kuni.

2. Msingi na mashimo ya nguzo. Nguzo zinakaa kwenye mistari mitatu, kaskazini, katikati na kusini, kila mstari nguzo tano zikiachana mita 3. Shimo la kila nguzo liwe sentimita 60 kwa 60, kina 80, zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Watu wanaona shimo kubwa wanasema banda lenyewe jepesi ya nini yote hiyo, sasa wepesi ndo sababu. Paa la bati na foamu upepo unalivuta kwenda juu, na kinacholishika chini ni uzito wa hilo zege. Mwonyeshe mhandisi wa karibu michoro kabla hujamwaga, hasa kama uko mlimani kwenye upepo wazi.

3. Sakafu na ukuta wa chini. Mwagia dawa ya mchwa, shindilia kifusi, tandika nailoni, halafu jamvi la zege la sentimita 10 lenye mteremko kidogo kuelekea mlangoni maji ya kuoshea yatoke. Chumba cha vifaranga kama mfuko unaruhusu weka foamu ngumu ya milimita 50 chini ya jamvi, baridi inapanda sana kutoka chini. Kuzunguka banda lote jenga tofali kozi tatu, kama sentimita 70. Usiruke hii. Paneli ikianzia ardhini mchwa wanapanda ndani ya foamu huwaoni, maji ya mvua yanarukia, na ng'ombe akipiga teke moja bati limebonyea.

4. Simamisha fremu, na maliza kuchomelea KABISA. Chomelea nguzo, mihimili, fremu za milango na madirisha, vishikizo vya balbu, kila kitu. Paka rangi ya kuzuia kutu. Paneli zikishafika kwenye kiwanja mashine ya kuchomelea inaondoka, hairudi. Cheche moja ikiingia kwenye kingo ya foamu inaanza kuyeyuka ndani ya bati, moshi wake mweusi ni sumu, na unaweza usijue mpaka umesambaa. Kwa sababu hiyo hiyo chumba cha kati ni cha chakula na vifaa tu, karakana ya kuchomelea na kukata chuma iwe jengo lingine.

5. Ndo sasa upime na kuagiza paneli. Pima fremu iliyosimama, siyo ramani. Uliza kiwanda upana wa kufunika, yaani upana baada ya paneli kuingiliana, maana zipo za mita 1 na zipo za zaidi kidogo, na hesabu yako inategemea hapo. Za paa ziagize kipande kimoja kutoka juu mpaka chini, mita 7.3 hivi pamoja na sentimita 60 za kutoka nje kila upande, usikubali vipande viwili vya kuunga katikati ya mteremko. Hakikisha gari lina bodi ndefu ya kutosha, kutoka Dar mpaka Njombe ni kama kilomita 700 na paneli inayoning'inia nyuma ya gari inafika imevunjika kiuno. Zikifika zilaze juu ya mbao, zifunike, zifunge kamba hata kama hakuna upepo muda huo.

6. Funga yu-chaneli juu ya tofali. Weka mistari miwili ya silikoni chini yake, kisha kaza kwa bolti za zege kila sentimita 50. Toboa tundu dogo la milimita 6 kila nusu mita upande wa nje ili maji yakiingia yatoke. Wengi wanasahau matundu haya, chaneli inakuwa mfereji na bati la paneli linaoza kuanzia chini.

7. Paneli ya kwanza ya kona. Chukua muda wako hapa. Timazi pande mbili, pima maji, skrubu mbili tu kwanza, angalia tena, ndo ukaze. Ikilala milimita 5 tu, ukifika mwisho wa ukuta nafasi ya juu na ya chini hazilingani na hakuna silikoni ya kukuokoa. Halafu endelea moja baada ya nyingine.

Kwenye kila maungio utaratibu ni huu: mstari wa silikoni upande wa NDANI, mstari mwingine upande wa nje, sukuma paneli mpaka ulimi uingie kabisa, kaza. Ukiona uwazi weka foamu ya kopo, ikikauka kata, funika kwa flashingi. Narudia upande wa ndani kwa sababu mafundi wengi wanaziba nje tu wakifikiria mvua. Mvua siyo adui mkubwa wa banda hili. Adui ni hewa ya ndani, ya moto na yenye unyevu wa vifaranga, inayopenya kwenye ufa na kukutana na bati la nje la baridi, inageuka maji humo humo ndani ya kiungio. Kule Juneau, Alaska, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mapaa ya paneli za OSB yaliyokuwa bado mapya yalikutwa yameoza juu kileleni, na chanzo kilikuwa hicho, maungio hayakuzibwa upande wa ndani. Kwetu bati haliozi kama mbao lakini linashika kutu, na maji yanadondokea vifaranga.

8. Kukata. Usitumie grenda. Najua kila fundi anayo na anaipenda, ila inachoma rangi na zinki, kingo inaanza kutu mvua ya kwanza tu, na inarusha cheche kwenye foamu. Jigsoo yenye meno madogo inatosha. Ukimaliza futa vumbi la chuma, likibaki linaacha madoa ya kutu kwenye bati jeupe. Na usisafishe kingo kwa petroli au thina, foamu inayeyuka mbele ya macho yako, chagua gundi kwa kuangalia hilo pia.

9. Paa. Anzia upande ambao upepo hautokei, ili kiungio cha juu kisipokee upepo usoni. Ziba maungio ya ndani kama ya ukutani, na pale paa linapokutana na ukuta weka foamu na flashingi za ndani na nje. Hapo ndo pananipa wasiwasi kuliko pote, hewa ya moto inapanda na kutafuta ufa wa juu. Skrubu zipite kwenye mgongo wa bati, siyo kwenye bonde. Kaza mpaka mpira unakaa vizuri, ukiona bati linabonyea umezidisha. Siku ya upepo acha, paneli ya mita saba mikononi mwa watu wawili juu ya ngazi ni hatari ya kweli.

10. Funika kila kingo. Kila mahali foamu inaonekana, kwenye madirisha, milango, tundu la bomba, weka bati. Kuku wanadonoa foamu na kuimeza, wakishaonja hawaachi, na panya akipata mlango mmoja anajenga mji humo ndani.

11. Hewa. Banda likishazibwa vizuri halipumui lenyewe, wewe ndo unalipumulisha. Chumba cha vifaranga weka bomba nne za PVC za nchi 4 kwenye ukuta wa kaskazini, urefu wa mita 2 kutoka chini ili hewa baridi ichanganyike kabla haijawafikia, na bomba mbili za kutolea juu kabisa ya ukuta huo huo wa kaskazini. Zote ziwe na wavu na kifuniko cha kupunguza, lakini zisifungwe zote hata usiku wa baridi kali. Wakikua unafungua madirisha.

Chumba cha viazi ni kinyume: matundu makubwa chini upande wa kusini na juu upande wa kaskazini, unafungua usiku, unafunga asubuhi. Usiku wa Njombe ni friji ya bure, viazi vya kula vinakaa vizuri kati ya nyuzi 4 na 10. Weka kizuizi cha mwanga kwenye matundu, maana viazi vikipata mwanga vinageuka kijani na vinakuwa na sumu. Viweke juu ya chaga, siyo sakafuni, acha nafasi na ukuta. Viazi vya mbegu hivyo vinataka mwanga hafifu, usivichanganye na vya kula.

12. Umeme. Waya zipite ndani ya mabomba juu ya paneli, usizizike kwenye foamu. Ganda la waya la PVC likigusana na foamu hii kwa muda mrefu linakuwa gumu na kukatika. Na jambo ambalo sitaki mtu aliruke: banda lote ni chuma, waya mmoja ukichubuka kila ukuta una umeme. Fremu na paneli ziunganishwe kwenye ethi (waya wa kwenda ardhini), na uweke swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Tafuta fundi mwenye leseni kwa hatua hii.

13. Chanzo cha joto. Jiko la mkaa HALIINGII ndani ya banda hili. Kwenye banda la mabanzi watu wamezoea kuliweka katikati na moshi unatokea kwenye nyufa, hapa nyufa hamna. Gesi ya mkaa haina harufu, inaua vifaranga usiku mmoja na inaua mtu anayeingia kuwaangalia. Tumia balbu za joto, zining'inize kwa mnyororo, mbali na ukuta, siyo kwa kamba ya nailoni. Kama umeme wa kwenu unakatika sana, jenga jiko la tofali nje, moto na mlango wake vibaki nje, bomba lake la chuma lipite chumbani na kutoka tena nje bila kuvuja. Bomba hilo litoboe kwenye zile kozi za tofali, lisiguse paneli kabisa, foamu inaanza kulegea ikifika karibu nyuzi 80. Hata hivyo matundu ya hewa yanabaki wazi.

Washa joto siku nzima kabla vifaranga hawajafika. Pima kwenye urefu wa kifaranga, siyo urefu wa macho yako: 32 mpaka 34 wiki ya kwanza, halafu punguza nyuzi 2 au 3 kila wiki. Maranda au pumba za mpunga sakafuni sentimita 7 hivi.

Mambo yakienda vibaya

*Maji yanadondoka ndani asubuhi.* Kabla hujamlaumu aliyefunga paa angalia hewa. Kama ukuta mzima una jasho, matundu yamefungwa au hayatoshi. Kama maji ni mstari mmoja tu unaofuata kiungio, hapo silikoni ya ndani imeruka, futa, kausha, ziba tena.

*Vifaranga wamejikusanya chini ya balbu.* Wana baridi. Wakikimbilia kuta na kuhema, wamezidiwa. Wakijikusanya upande mmoja tu, kuna upepo unawapiga, pitisha mkono taratibu kwenye maungio na chini ya mlango utausikia.

*Macho yanawasha ukiingia.* Ni amonia ya kinyesi. Ongeza hewa, toa maranda yaliyolowa karibu na vinyweo. Amonia inakula bati pia, kwa hiyo kila ukitoa kundi osha kuta kwa maji na sabuni laini, ziache zikauke.

*Bati la nje lina mawimbi mchana na usiku linanyooka.* Skrubu zimekazwa kupita kiasi au rangi ni nzito. Legeza kidogo zile za katikati.

*Viazi vinachipua mapema.* Chumba kina joto, mara nyingi mtu amesahau kufunga matundu asubuhi. Ning'iniza kipimajoto karibu na mlango na andika namba jioni na asubuhi. Kama usiku haishuki hata ukifungua, matundu ya juu ni madogo, yaongeze.

*Unga mweupe wa vipunje chini ya ukuta.* Panya au sisimizi wako ndani. Fungua flashingi ya hapo, safisha, jaza foamu ya kopo, rudisha bati na riveti kila sentimita 15. Halafu zunguka nje uangalie yu-chaneli, tundu la maji lililotobolewa kubwa kuliko milimita 6 ndo wanapoingilia, liwekee wavu mdogo wa chuma.

*Kutu kwenye kingo zilizokatwa.* Piga msasa, paka praima ya zinki, rangi juu yake. Fanya kabla masika hayajaanza, maana chini ya mvua ya Njombe rangi haikauki.